Wimbo Uliokataza Mvua Matogoro

Hivi nyie, mmeshawahi kuiogopa mvua? Siyo ile ya kulowesha nguo ulizoanika, hapana. Nasema mvua uliyoiomba mwenyewe kwa magoti kanisani, mbegu yako iko ardhini inakauka, halafu wingu linakuja na wewe unasema moyoni, Mungu wangu, lisinyeshe, likinyesha watamuua mtu. Mmeshawahi? Hamjawahi. Basi kaeni. Na hizo simu wekeni chini, hazitakimbia.

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Kusoma nasoma, ila polepole, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Lakini kazi ya redio nimeifanya mpaka magoti yamekataa. Kwenye redio zote za hapa mjini nimefagia, nimechemsha chai, nimetunza kanda. Sasa nyie wajukuu zangu, na hawa wenzenu wanaosomea utangazaji wanaokuja kunimalizia togwa yangu, kila siku mnaniuliza bibi zamani ilikuwaje. Nawaambia ile ya kwanza kabisa. Wengi wameshaisahau, maana haikukaa. Ilianza kiangazi, Krismasi haikuiona.

Ilikuwa enzi za ruksa. Zamani hata sabuni unapanga foleni, na redio ni moja tu nchi nzima, ya serikali. Halafu tukaambiwa ruksa, mwenye uwezo afungue duka, alete basi, afungue hata redio. Mitumba ikajaa sokoni mpaka wanaume wa Songea wakaanza kuvaa makoti ya kike bila kujua.

Hapo ndipo Fausti akarudi. Fausti alikuwa mtoto wa jirani yetu hapa Matogoro, serikali ilimpeleka Kuba kusomea mitambo ya umeme. Akarudi ana ndevu, na sanduku la bati zito kweli, wanaume wawili wanalibeba wanahema. Mama yake akajua nguo hizo, mablanketi. Akafungua. Kaseti tupu, mpaka chini.

"Fausti mwanangu, miaka yote hiyo umeniletea haya?"

"Mama, hii ni roki. Roki ya Kihispania. Tanzania nzima hakuna mwenye nayo."

"Na kwa nini hakuna mwenye nayo?"

Swali zuri sana lile. Akaunga mabomba ya chuma nyuma ya nyumba ya marehemu baba yake, akayasimamisha, akayafunga kwa nyaya pande zote, yakapita miparachichi yote kwa urefu. Chumba cha mbele akabandika magunia ukutani, akaweka mashine zake. Hiyo ndiyo redio. Masaa yote inapiga hiyo roki tu, magitaa yanalia kama mbao inayopasuliwa kwa msumeno, na mwanaume anapiga kelele katikati. Kwaya hakuna, dansi hakuna. Nikamwambia weka hata kwaya moja ya Jumapili. Akasema, "Mama Konrada, nikipiga kama wengine, nani atanisikiliza?"

Mimi alinichukua nipike na kufagia. Lakini umeme wa Songea siku hizo ulikuwa wa kubahatisha, kila saa yuko nje na jenereta lake, hivyo akanifundisha kubadilisha kaseti. Na hapa wenzangu wa utangazaji nisikilizeni, ingawa nyie mnabonyeza tu. Mashine ikila mkanda, usivute. Ukivuta umeua. Fungua, utoe kwa kucha, halafu ingiza kalamu ya risasi kwenye kitundu uzungushe taratibu, kama unamlisha mtoto mgonjwa. Ukikatika, gundisha kwa rangi ya kucha, tone dogo. Kile kichwa cha mashine kinasafishwa kwa pamba na spiriti, siyo kwa ncha ya kanga uliyoitia mate, hilo nilifokewa. Na baridi ya Matogoro mwezi wa sita mnaijua. Kaseti iliyolala kwenye baridi inaimba kama mlevi wa komoni, inaburuza. Dawa yake ni kwapa. Unaibana kwapani kama yai mpaka ipate moto, ndipo unaiweka. Waimbaji wote wale wa Kihispania, nyie, wamepita kwapani kwangu.

Sasa Kihispania mimi sijui, na maandishi yale yana vidoti na vimkia juu. Nikaweka alama zangu. Nikagundisha kwa ugali punje ya hindi kwenye kaseti ya taratibu, harage kwenye ya makelele, karanga kwenye ile anayoimba mwanamke. Ilienda vizuri mpaka panya walipogundua. Nakuja asubuhi, alama zote zimeliwa! Siku nzima ile sikujua naweka nini, Fausti anatangaza wimbo wa mapenzi, linatoka jibwa linabweka.

Na woga! Mnadhani niliizoea ile mashine? Ilikuwa na taa nyekundu. Fausti aliniambia taa ile ikiwaka hata ukikohoa Songea nzima inasikia. Siku ya kwanza nimebana kikohozi mpaka machozi, mara mende huyu hapa, anapanda mguuni kwangu. Nikasema, "Yesu na Maria!" Basi. Kesho yake sokoni sina jina tena. "Yesu na Maria, nyanya hizi hapa!" "Yesu na Maria, leo umewakuta mende wangapi?" Nikajifunika kanga.

Vijana waliipenda redio ile, wanatikisa vichwa kama kuku wanaokunywa maji. Wazee walikuwa wananiuliza, "Huyo anayelia hivyo, anapigwa na nani?" Watu wakaanza kuleta kadi za salamu, na kila kadi imeandikwa, tuambie wanasema nini. Fausti akaona vema. Akawa kabla ya wimbo anatoa maneno yake kwa Kiswahili, kwa sauti laini. Kulikuwa na mmoja wa punje ya hindi, wa taratibu, kijana anamngoja mpenzi wake anayekuja kwa miguu. Fausti anasema, "Mvua, nakusihi, usishuke leo. Kaa huko huko juu. Usishuke mpaka afike." Jamani, mabinti wa Songea walilia! Wakaomba urudiwe. Ukawa ndio wimbo wa mchana, kila siku jua likiwa utosini, usishuke, kaa huko huko juu.

Mwezi wa sita nani anajali. Mwezi wa nane nani anajali. Sasa subiri mwezi wa kumi na moja.

Mwaka ule tulipanda kavu, wote. Mbegu na mbolea ya kununua viko chini, shamba langu mimi liko kule Mshangano. Tukangoja. Mawingu yanakuja, yanakaa juu ya kilima cha Matogoro, meusi, unasikia hata harufu. Halafu yanaondoka zake. Kesho tena. Ukifukua mbegu unaikuta imevimba kidogo, inakufa. Kunguru wanafukua wanakula. Na kila mchana, kwenye kila redio, kwa sauti laini, Fausti anaisihi mvua isishuke.

Mimi nilikuwa wa mwisho kuelewa. Nilifika kwenye mashine ya kusaga, wanawake wanaongea, wakanyamaza. Nikawaamkia, wakaitikia wanaangalia unga. Mwenzangu mmoja, tumebatizana watoto, ndiye akanifuata nje. "Mama Konrada, acha ile kazi. Leo uache." Namuuliza kwa nini, anasema, "Wewe husikii mnachosema humo?" Nyumbani mume wangu naye hali chakula. "Wanasema mnara umefunga mvua, na wewe ndiye unayeweka ile kaseti kwa mkono wako," akasema. "Mkono wako, mama Konrada." Nikauficha mkono chini ya kanga kama nimeiba.

Nikamwambia Fausti. Akacheka! Akasema hizo ni imani, mnara hauwezi kuzuia mvua, akaanza kunieleza mawimbi. Nikamwambia mawimbi uwaeleze wao, mimi toa ule wimbo tu. Akatoa. Ikawa vibaya zaidi. Watu wakasema mnaona, kajua tumemjua, sasa anaisema kimyakimya. Asubuhi tukakuta waya mmoja wa kushikilia mnara umekatwa, umekatwa safi na panga. Fausti akaacha kucheka. Akawa anakula amesimama, jicho kwenye dirisha.

Halafu wakaja. Mchana kweupe, nimetoka kuepua maharage. Kwanza niliona vumbi, halafu majembe, halafu watu. Wanaume, wanawake, watu ninaosali nao. Vijana mbele wana mapanga, na mmoja ana galoni. Petroli inanuka mpaka ndani. Katikati yuko Mzee Mbano, balozi wetu wa nyumba kumi, na koti lake na fimbo. Fausti akafunga mlango, akasimama dirishani.

"Sisi hatujaja kuua," Mzee Mbano akasema. "Tumekuja kuuliza."

"Wengine tumekuja kuua!" mmoja akapaza sauti nyuma, na watu wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichonimaliza nguvu. Kelele unaweza kuizoea. Mtu anayecheka ana panga humwezi.

"Fausti," mzee akasema, "ulisema au hukusema, redioni, mvua isishuke?"

"Nilisema wimbo unasema hivyo, mzee."

"Mdomo ulikuwa wa nani?"

Fausti akageuka kuangalia kaseti zake.

"Nimekuuliza mdomo."

"Wangu."

"Haya. Zima mtambo wako. Sisi tunakaa hapa. Ikinyesha tutajua, isiponyesha tutajua."

Nikapata ujasiri sijui wa wapi, nikauliza nyuma ya dirisha, "Mtajua nini, mzee?"

Akaniangalia. "Tutajua, Mama Konrada. Na wewe tutakujua."

Nikazima mwenyewe. Taa nyekundu ikafa. Ule ukimya, wanangu! Miezi yote masikio yangu yamejaa magitaa, sasa nasikia inzi. Nje wamekaa chini, wamezunguka nyumba. Na juu ya kilima wingu limekaa, lilelile, jeusi, halisemi kitu.

Fausti akanishika bega, mkono una baridi. "Mama, omba isinyeshe. Ikinyesha tu, mimi ni mchawi."

Ndiyo swali langu la mwanzo hilo. Nilimwangalia mtoto yule niliyemwogesha akiwa mdogo, nikataka kuomba. Mdomo ukakataa. Mbegu yangu iko chini, ndiyo mbegu ya mwisho, na nina watoto nyumbani. Nikamwambia, "Fausti, mwanangu, nitaombaje hivyo?" Akasema, "Basi usiombe yoyote." Nikakaa. Lakini mtu hawezi kuacha kuomba kwa kuamua. Nikajikuta nasema njoo, halafu nasema usije, njoo, usije, mpaka nikaogopa kwamba Mungu atachukia nipigwe mimi radi.

Halafu nikawaza isiponyesha je? Watasema dawa yake bado inafanya kazi, wammalize ili ikatike. Kumbe hakuna njia. Pande zote ni galoni lile. Na sisi tumejifungia ndani, kama kuku waliofungiwa bandani wasubiri kuchinjwa.

Nikamwambia, "Toka Kuba umerudi, umekwenda kukaa kwa Mzee Mbano lini?"

"Sijakwenda."

"Hata kumsalimia? Hata kumwambia nasimamisha chuma?"

"Sikupata nafasi, mama."

"Leo unayo. Twende."

Akagoma. Nikamwambia nyumba ikiwashwa nitafia humu na maharage yangu, twende. Nikafungua komeo, nikamshika mkono, siyo kwa ushujaa, miguu yangu ilikuwa inakwenda kama ya mtu mwingine. Tukatoka. Vijana wakainuka. Fausti akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya wazee. "Shikamooni."

Hakuna aliyeitikia. Salamu ilikaa hewani, mtu unaweza kuzeeka. Halafu Mzee Mbano, mwenyewe hakutaka lakini mdomo wa mzee umezoea, akasema, "Marahaba."

Tukakaa chini nao. Palikuwa na Bibi Skola, mzee kuliko wote pale, amebebwa mgongoni na mwanawe kuja kutazama. Akamuuliza Fausti kwa sauti yake ya kukwaruza, "Huyo kijana wa kwenye wimbo. Anamngoja nani?"

"Mpenzi wake, bibi. Anakuja kwa miguu, njia ni mbaya."

"Na alifika?"

"Wimbo unaisha hajafika."

"Mjinga," Bibi Skola akasema. "Angemfuata na mwavuli." Wanawake wawili watatu wakacheka, cheko la kweli sasa. Nikapumua.

Ndipo tone likaanguka. Likaanguka juu ya galoni. Ti. Watu wote wakaligeukia galoni kama limesema. Jingine. Jingine. Halafu ile harufu ya udongo, mnaijua, harufu niliyoililia mwezi mzima, ikaniingia puani, na sikuweza kuifurahia. Maana macho yote yalikuwa kwa Fausti.

"Si mnaona!" Kijana mwenye galoni kasimama. "Imezimwa, imenyesha! Mnangoja nini?"

Wakasimama wote. Niliona kijana wa pembeni yake ameinua panga. Nikamkumbatia Fausti kichwa, nikafumba macho, nikasema haya, tukatwe wote. Nasikia mvua tu. Halafu ile sauti ya kukwaruza.

"Nyie. Nyie watoto. Mvua ya kwanza, mnataka kuilowesha kwa damu? Nani atakula mahindi hayo? Mimi sili. Mama yako atakula?"

Kijana akabaki na panga juu.

"Nimeuliza, mama yako atakula? Yule pale. Muulize."

Mama yake alikuwa pale pale, na jembe lake. Akatikisa kichwa. Akageuka akaanza kwenda shambani kwake, mvua inampiga, na wanawake wengine wakamfuata mmoja mmoja, maana mbegu zinawangoja. Mwanaume akishaachwa na wanawake wake kwenye ugomvi, ugomvi unamchosha. Panga likashuka.

Mzee Mbano akasema, "Bibi kasema." Halafu akamwambia Fausti, taratibu, kama baba, "Mwanangu, teremsha chuma chako."

Akateremsha. Kwenye mvua ile ile. Alifungua nyaya moja moja, akazikunja vizuri kwa saizi zake, kama mtu atakayesimamisha tena kesho. Na nguzo ilipotaka kumwangukia, aliyeruka akaidaka ni yule yule mwenye panga. Wakashusha pamoja, wanasaidiana, "shika huko, legeza, polepole," kama mafundi wa kampuni moja. Binadamu, nyie! Mpaka leo sijawaelewa.

Hakusimamisha tena. Basi la kwenda Tunduru likamchukua na sanduku lake. Baadaye alinitumia salamu kwa kondakta, "Mwambie Mama Konrada huku natengeneza redio za watu, yangu sina." Mama yake alikuwa ananiletea majani ya maboga kila wiki na hatukuwahi kulizungumza.

Mimi nilivuna. Mwaka ule Mshangano mahindi yalikuwa makubwa. Nikipika ugali watoto wanakula wanashiba, mimi tonge likifika mdomoni namwona anakunja nyaya.

Msiniulize mnara ulifunga mvua au haukufunga. Wasomi wanasema haufungi, na mimi nasema haufungi. Mchana nasema hivyo kabisa. Lakini nilikuwepo, nilizima kwa mkono huu, na ikanyesha. Kwenye redio zingine zote nilizofanya kazi, wakitangaza hali ya hewa nilikuwa natoka nje kufagia.

Sasa kilimani pale minara imejaa kama miti, na mvua inanyesha na watu hawasemi. Nikasema basi, yamepita. Mara mwezi uliopita Veria, mtoto wa Konrada wangu, huyu hapa anayejifanya hanisikii, kaja anarukaruka. Bibi, nimepata kazi! Kazi gani? Kusimamisha minara ya simu, vijiji vya kule mbele ya Tunduru. Nikaketi. Nyie mlidhani nalia kwa furaha.

"Bibi, siku hizi watu wanaijua minara," ananiambia. "Wanaiomba wenyewe."

"Wanaijua wakishiba. Kukiwa na ukame je?"

"Bibi, mimi nina kofia ya chuma na mkanda wa kupandia."

"Kofia inazuia petroli?"

Nilimweleza haya yote niliyowaeleza nyie, na kule kukatwa waya nikamweleza mara mbili. Nikamwambia siwezi kukukataza, wewe umesoma, mimi sijasoma. Lakini usiku nitalalaje? Akaja akakaa hapa miguuni kwangu, akaacha utani. Akasema, "Bibi, nakuahidi. Kijiji chochote nitakachofika, kabla shimo la kwanza halijachimbwa, nitakwenda kukaa na wazee wao, niwaeleze chuma hiki ni cha nini, niwaulize wanapanda lini. Na wakisema ngoja kwanza mahindi yaote, chuma kitalala chini, na mimi nitangoja nao mpaka yaote."